Binti yangu ana B. Maseno imekuwa ngumu, au sisi ndio tumekuwa wengi?

Mama Kibuye

Hamjambo wazazi na walimu. Mimi nauza nguo za mitumba pale Kibuye, Kisumu. Kitinda mimba wangu alifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka wa 2024 akapata B. Nilipoiona ile herufi kwenye simu nilifunga kibanda saa nne asubuhi, siku ya soko, nikapanda boda hadi nyumbani kumkumbatia. Sikujua kwamba B hiyohiyo ingemliza baadaye.

Anataka uuguzi, na anautaka Chuo Kikuu cha Maseno. Uuguzi ni kwa ajili ya nyanya yake. Marehemu alilazwa wiki sita pale Russia (wasio wa Kisumu, ndiyo hospitali ya rufaa ya Jaramogi), na huyu mtoto ndiye aliyekuwa akimpelekea uji kila asubuhi kabla ya shule kufunguliwa. Aliwajua wauguzi wote wa wadi ile kwa majina. Maseno ni kwa sababu ni nyumbani. Unapanda matatu ya Busia, unashuka karibu na ile alama ya ikweta, umefika.

Wiki iliyopita tulienda saiba moja (duka la intaneti) hapa mjini kujaza machaguo ya KUCCPS, wale wa serikali wanaowapangia watoto vyuo. Kijana wa pale alichukua shilingi 300 na namba ya mtihani, akabonyeza haraka haraka hata hakumuuliza mtoto chochote. Alipomaliza akatuambia, "Mama, kwa pointi hizi Maseno msahau, siku hizi imekuwa ngumu kama Nairobi." Kufika nyumbani, binti akafungua kwa simu ya jirani akakuta chaguo la kwanza ni kozi ambayo hajawahi kuitaja maishani. Alilia hadi akalala na nguo za kutokea.

Swali langu ni hili. Kifungua mimba wangu alipata B+ mwaka wa 2010, akitaka sheria Nairobi. Alipoitwa Maseno kusomea ualimu, majirani walikuja na sukari na majani chai, nusu hongera nusu pole. Wengine walimwambia avumilie tu, digrii ni digrii. Leo majirani walewale wananiambia nikipata Maseno nishukuru Mungu. Ni kitu gani kilichobadilika? Chuo kimepandisha masharti, au watoto ndio wameongezeka? Na je, nimwache aweke Maseno chaguo la kwanza, ama nitakuwa nimempeleka akavunjike moyo mara ya pili?

Mwalimu Kakamega

Pole mama, na hongera kwa B. Nimekuwa mwalimu wa kuwashauri wanafunzi kuhusu kozi kwa miaka mingi, na swali lako naliulizwa kila mwaka. Niruhusu nilijibu polepole.

Kwanza, ondoa kichwani neno "Maseno imekuwa ngumu". Chuo hakina mlango mmoja, kila kozi ina mlango wake. Zile pointi watu wanazotajiana, kwamba kozi fulani ilifungia pointi kadhaa, si sharti lililowekwa na mkuu wa chuo. Ni pointi za mtoto wa mwisho aliyeingia mwaka uliotangulia. Nafasi zikiwa themanini, wanapangwa kuanzia mwenye pointi nyingi, na wa themanini ndiye anayefunga mlango. Mwaka huu wakiomba wenye pointi nyingi zaidi, mlango utafungwa juu zaidi, ingawa chuo hakikugusa chochote. Ndiyo maana katika chuo kilekile uuguzi na udaktari vinapiganiwa, na kwingine nchini kila mwaka zipo kozi ambazo haziombwi na mtu hata mmoja.

Sasa je, watu wameongezeka? Ndiyo, sana. Mwaka wa 2016, ule mtihani wa kwanza baada ya wizi kubanwa, waliopata C+ kwenda juu walikuwa 88,929 nchi nzima. Mwaka wa binti yako walikuwa 246,391. Karibu mara tatu, mama. Na wote hao wana haki ya kuomba, kwa sababu siku hizi kila mwenye C+ anaweza kupangiwa chuo na serikali. Kijana wako wa 2010 alikuwa chini ya utaratibu mwingine. Wakati ule JAB, bodi iliyowapangia watoto vyuo kabla ya KUCCPS, ilihesabu vitanda vya vyuo vya umma kwanza, ndipo ikahesabu watoto. C+ ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi, lakini aliyeitwa alikuwa na B, mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo usiseme zamani Maseno ilikuwa rahisi. Mlango wa kuingilia chuo kikuu ulikuwa mwembamba zaidi, ila watu hawakuuona kwa kuwa wote walikuwa wanatazama Nairobi.

Nipe gredi za masomo yake yote. Si B peke yake, masomo.

Mama Kibuye

Asante sana mwalimu. Amenisomea: Kiswahili A, Historia A-, Biolojia B, Biashara B, Kiingereza B-, Kemia C+, Hisabati C+.

Mwalimu Kakamega

Hapo sasa. Chukua kalamu, mfanye pamoja.

A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, B- ni 8, C+ ni 7. Masomo yake saba yanafika 63 kati ya 84. Hiyo ndiyo B yake. Lakini uuguzi hautazami yote saba kwa uzito mmoja, unatazama zaidi manne ya klasta, yaani yale yanayohusu kozi yenyewe: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na lugha. Kwake ni 9, 7, 7 na 12, jumla 35 kati ya 48. Gawanya 35 kwa 48, gawanya 63 kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Nimepata 35.5.

Sasa mchukue msichana mwingine mwenye B hiyohiyo ya 63, lakini ana Biolojia A-, Kemia B+, Hisabati B na Kiswahili B. Manne yake ni 39. Yeye anafika karibu 37.5. Shuleni walisomewa gredi moja, wakapigiwa makofi sawa. Kwenye uuguzi yuko mbele ya binti yako kwa pointi mbili, na pointi mbili hapo ni foleni ndefu ya watu.

Hesabu hii ya gredi ni makadirio. Pointi zake halisi atazikuta akiingia mwenyewe kwenye tovuti ya KUCCPS, kozi kwa kozi, pamoja na pointi zilizofunga miaka iliyopita. Aingie mwenyewe. Namba ya mtihani asimwachie mtu wa saiba. Dirisha likiwa bado wazi anaweza kubadilisha machaguo, kwa hiyo lile kosa lisiwakoseshe usingizi.

Nitasema jambo moja ambalo huenda hataki kulisikia. Mtoto huyu ana A ya Kiswahili na A- ya Historia. Nimeona watoto kama huyu wakikokotwa na sayansi kwa miaka minne wakati zawadi yao iko kwingine. Simwambii aache uuguzi. Namwomba aitazame ile A.

Baba Njoro

Mama, mwalimu amesema ukweli kuhusu JAB, niongeze langu. Mimi niko Njoro, nyumba yangu na lango la Egerton ni mwendo wa kutembea. Nilifanya mtihani 2003, nikapata B-. Leo B- ni sherehe, lakini wakati huo niliachwa nje. Mzee wangu aliuza mitamba miwili na shamba la viazi likakodishwa ili nisome kwa ile njia ya kujilipia, paraleli, katika chuo kimoja sitakitaja. Darasa moja, mhadhiri mmoja, mtihani mmoja. Jirani yangu wa kiti alikuwa amenizidi pointi kadhaa tu, akilipa sehemu ndogo ya nilicholipa mimi. Mzee alifariki mtamba wa kurudishia haujapatikana.

Kwa hiyo nikisikia watu wakilalamika kwamba "siku hizi kila mtu anaingia chuo", moyo unaniuma. Waacheni waingie. Watoto wa watu waliokuwa kama baba yangu ndio hao.

Ila mama, kupangiwa chuo si kulipiwa chuo. Tangu 2023 karo inagawanywa: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB (bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi), na sehemu ya mzazi kulingana na uwezo wa nyumbani. Hayo anayaomba mwenyewe baada ya kupangiwa, hayaji yenyewe. Weka tayari kitambulisho chako na karatasi za nyumbani.

Mwaka wa Tatu

Shikamoo mama. Mimi nasoma ualimu Maseno, Kiswahili na Historia, ndiyo maana nimeshindwa kupita bila kuandika. Nilikuja hapa nikiwa nimekosa kozi ya afya. Muhula wa kwanza sikumwambia mtu nasomea nini, nilikuwa nasema tu "niko Maseno". Kisha nikapelekwa kufundisha mazoezi katika shule moja upande wa Vihiga. Kidato cha pili, watoto hamsini na kitu, nikawafundisha ngeli kwa vitu vilivyokuwa mezani: kikombe, kijiko, kisu. Mmoja aliyekuwa haongei kabisa akainuka akasema, "Mwalimu, kumbe hata kiti!" Nilirudi chumbani kwangu Luanda, karibu na chuo, nikampigia mama yangu simu.

Lakini kama dadangu huyo moyo wake uko wadini, asikate tamaa. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, pia wanapokea kupitia KUCCPS, na diploma ya uuguzi inaanzia C. Kuna kampasi Kisumu hapohapo, kuna Siaya, kuna Kakamega. Wenzangu wawili walienda huko. Mtu anaweza kufanya kazi kwanza, digrii akaifuata baadaye.

Mwalimu Kakamega

Huyu mwanafunzi amenifurahisha leo. Mama, msisahau pia kwamba Maseno haiko peke yake tena kama ilivyokuwa ilipopata hadhi kamili mwaka wa 2001. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hapa kwetu Kakamega kilifuata 2007, kile cha Jaramogi kule Bondo 2013, cha Kibabii 2015. Wazazi wengi wa huku bado wanataja jina moja tu, mtoto anapoteza chaguo. Linganisheni uuguzi wa kila chuo na pale ulipofungia, msilinganishe majina.

Mama Kibuye

Nimerudi. Jana Jumapili, watu wakiwa wengi sokoni, binti alikuja na daftari. Tukakaa juu ya robota la mitumba ambalo sijalifungua, akapiga hesabu ya mwalimu mbele yangu. Ikatoka 35.5. Kisha tukaingia kwenye tovuti kwa simu yangu, yeye akibonyeza na mimi nikishika mwavuli ili aone kioo vizuri. Tulitazama uuguzi chuo kimoja baada ya kingine. Maseno ilikuwa imefungia juu yake. Hakulia. Aliandika kila namba kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu zilizomzidi, kwa buluu zilizo karibu naye.

Nilimsomea habari ya yule mtoto wa kiti. Alinyamaza muda mrefu, akawa anakunja blauzi za wateja ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari. Halafu akaniuliza kama nyanya angemwona amemsahau akienda kusomea ualimu. Nilimwambia nyanya hakuwahi kutibiwa na uji, ila alikuwa akiamka akimwona yeye mlangoni.

Juu ameweka uuguzi katika chuo ambacho namba yake ni ya buluu. Chini yake, ualimu wa Kiswahili na Historia, Maseno. Diploma ya KMTC amesema ataiomba huu mgao wa digrii ukimkosa. Kijana wa saiba hatukurudi kwake.

Baba Njoro, karatasi nimeanza kuzikusanya. Pole kwa mzee. Majibu yakitoka nitaandika hapahapa.