Tupeane uzoefu: misuli ya tumbo na kiuno, wewe yalikukuta yapi?

Mpakiaji Mtwara: Wadau, msimu wa korosho umefunguka. Jana nimewaona vijana ghalani wanarusha magunia nikakumbuka yangu. Nilikuwa nimebeba gunia la kilo 80 begani, nikajipinda kumpa mwenzangu aliye juu ya lori, kiuno kikalia ka! Sikuanguka. Nilibaki vilevile nimeinama, kunyooka siwezi, kukaa siwezi, jasho la baridi linanitiririka. Wakanilaza juu ya magunia matupu. Kukohoa nikawa naogopa, kila kikohozi kinanikata kiunoni. Na tumbo langu wakati huo limegawanyika vipande, siksipaki ya kweli! Mtaalamu wa fiziotherapia akanibonyeza kidogo ndani ya mfupa wa nyonga, akasema kohoa taratibu. Palipokaza, akaniambia huo ndio msuli wa ndani kabisa, umezunguka kiuno mpaka mgongoni. Ile ya mbele kazi yake kukukunja.

Binti Mikindani: Kikohozi! Aliyeumwa kiuno anajua.

Kocha Shangani: Ndiyo maana jimu kwangu sitapu, zile za kulala chali na kuinuka mpaka kukaa, nimezifuta. Stuart McGill, profesa wa Kanada aliyechunguza uti wa mgongo miaka na miaka, anapendekeza matatu: kuinua kichwa na mabega kidogo tu huku mikono iko chini ya kiuno, planki ya ubavu, yaani unalala ubavu na kujiinua kwa kiwiko mwili umenyooka, na kupiga magoti mikono ikiwa chini, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha unabadili. Unakaza sekunde 10 hivi, unaachia, unarudia.

Nahodha Msangamkuu: Sitapu napiga tangu ujana, mgongo mzima. Baba zetu walivuta nyavu bila profesa.

Kocha Shangani: Mkuu, kuvuta wavu ndiyo zoezi lenyewe. Tumbo umelikaza, unasukuma kwa miguu.

Nahodha Msangamkuu: Basi usiwatishe watu. Mwenye mgongo mzima sitapu hazimuui.

Kocha Shangani: Sawa. Ila kitambi haziondoi. Mafuta hayapungui pale tu unapopafanyia zoezi.

Mama Pacha Lindi: Ngoja niseme, maana wanawake hili tunalificha. Baada ya mapacha, nikilala chali nikainua kichwa, juu ya kitovu panatokeza uvimbe mrefu, na nikipapasa katikati vidole vitatu vinazama. Nikipiga chafya mkojo unanitoka. Bibi alinifunga mkaja, ukanituliza kweli, lakini ufa haukuziba. Shoga akanitia kwenye sitapu, uvimbe ukazidi kujitokeza. Nesi ndiye aliyenifumbua macho: misuli miwili ya mbele imeachana, utepe unaoiunganisha umetanuka kwa mimba. Akanianzisha na pumzi. Natoa pumzi polepole, nabana chini kama nazuia mkojo, tumbo la chini linaingia ndani lenyewe. Sasa najitwika ndoo ya maji na kanga yangu kavu.

Binti Mikindani: Mama Pacha, nakuja faragha. Mimi pia.

Somo Mitwero: Mkaja msiudharau lakini!

Mama Pacha Lindi: Siudharau, somo. Mkaja ushike, na misuli nayo ifanye kazi.

Mdau Newala: Mpakiaji, vaa mkanda mpana tu, yaishe.

Mkandaji Masasi: Mkanda hautamjengea misuli. Na mtu akipata ganzi makalioni na kwenye mapaja ya ndani, miguu ikaishiwa nguvu au mkojo ukagoma, asije kwangu kukandwa. Hospitali siku hiyo hiyo.

Mpakiaji Mtwara: Ganzi sikupata, alhamdulillahi. Kocha, hiyo planki ya ubavu naanzaje?

Kocha Shangani: Anzia magotini. Kiwiko chini ya bega, nyonga isishuke, na usibane pumzi.