Noti za juu zinapasuka, nifanye zoezi gani?

TenaKavu: Wakuu, naombeni msaada. Naimba sauti ya tena (tenor, sauti ya juu ya wanaume). Nikigusa F iliyo juu ya C ya kati, sauti inapasuka. Nikiilegeza inatoka nyembamba ila safi. Kuna wimbo una noti A mbili, juu zaidi ya hiyo F. Zoezi gani litanifikisha haraka?

NgNgNg: Usianze na "a" wazi. Tetemesha midomo, "brrr", do hadi so na kurudi, ukipandisha nusu toni kila mzunguko. Midomo ikigoma, pumzi imekatika, shuka, usisukume. Halafu chukua mrija, uzamishe kwenye maji sentimita mbili tatu, imba "u" ndani yake. Mapovu yatoke mfululizo. Mgandamizo unaorudi husaidia nyuzi za sauti kukutana bila kugongana kwa nguvu. Dakika tano zinatosha.

AltoMmoja: Unabeba sauti ya kifua, ile nzito ya kuongea, hadi juu, ndiyo maana. Kuanzia D punguza uzito, "a" ielekee "o". Weka kidole kwenye kongomeo: likipanda kufuata noti, unajikaba.

BesiBaridi: Hamia besi, huku hatupasuki 😂

Mdadisi: Sauti ya kuongea ikoje?

TenaKavu: Imekauka kidogo.

Mdadisi: Tangu lini?

TenaKavu: Wiki tatu na kitu. Ila namung'unya vidonge vya kutia ganzi, siumii. Na solo ni Jumapili, nimeshakubali, mwalimu nitamwambia nini?

NgNgNg: Ungesema mapema! Hayo maumivu ndiyo onyo, wewe unayazima. Kwenye A hiyo nyuzi zinakutana mara 440 kwa sekunde.

Mkongwe: Vijana mnapenda solo kuliko kwaya.

SinywiChai: Jamani, hii chai. Nyuzi zikivimba, noti laini za juu ndizo hutangulia kupotea, za nguvu hubaki. Huyu nyembamba zake "safi". Katunga.

TenaKavu: Si chai. Zilikuwa safi kabla ya kukauka. Sasa inatangulia hewa, ndipo noti itoke.

Mdadisi: Umejijibu. Imba "u" kwa sauti ndogo kabisa, panda nusu toni kwa nusu toni. Hewa ikitangulia pale palipokuwa safi, huenda kuna uvimbe hapo. Usinong'one pia, kunaweza kukaza koo. Wiki tatu zimepita, kamwone daktari wa masikio, pua na koo achungulie nyuzi.

TenaKavu: Tukiushusha wimbo toni moja je?

NgNgNg: Ushusheni, aimbe mwingine.