Tupeane uzoefu: Alien: Isolation ilikushika wapi, na ilikuchosha wapi?

Koroboi (Dodoma)

Ndugu wanachama, gemu hii hutajwa kila mara watu wanapozungumzia gemu za kutisha, lakini wengi wetu huishia kusema kwamba inatisha sana au ni ndefu mno, bila kueleza ni kitu gani hasa kinachotisha na urefu huo unaumiza mahali gani. Naomba kila mmoja aeleze kilichomshika na kilichomchosha, na ataje kifaa alichotumia, kwa sababu nadhani kifaa kinabadilisha mengi.

Kwa wasioifahamu, iliundwa na Creative Assembly, studio ya mji wa Horsham nchini Uingereza ambayo hadi wakati huo ilijulikana kwa gemu za mikakati ya vita za Total War, na Sega wakaitoa tarehe 7 Oktoba 2014. Unaona kila kitu kwa macho ya Amanda Ripley, fundi ambaye mwaka 2137 anafika kwenye kituo cha anga za juu kiitwacho Sevastopol kutafuta habari za mama yake, aliyepotea pamoja na meli ya Nostromo miaka 15 kabla. Anakuta kituo kimevurugika, watu wanapigana risasi wao kwa wao, na kuna kiumbe kimoja kinachowawinda wote. Kiumbe hicho hukiui. Unaweza kukitisha, kukipoteza au kukikimbia, basi.

Nilichezea kompyuta ya mezani, nikiwa na hedfoni, na kilichonishika ni sauti. Kiumbe kikiwa ndani ya mifereji ya hewa hukioni, lakini unasikia uzito wake ukipita juu ya dari, unasikia kinaposimama, na baada ya muda unaanza kutofautisha kishindo chake kinapoteremka sakafuni na kinapopanda tena. Muziki umejengwa juu ya tungo za Jerry Goldsmith za Alien, filamu ya mwaka 1979 ambayo gemu hii imetokana nayo, nao hupanda kadiri hatari inavyosogea. Tuzo ya sauti ya BAFTA waliyoipata mwaka 2015 waliistahili. Kilichonichosha ni binadamu. Nyuso zao zimekakamaa, midomo haifuatani vizuri na maneno, na watu kama Taylor wanapita katika hadithi bila kukuachia sababu ya kuwahurumia.

FundiWaZiwa (Mwanza)

Nianze na sifa ambayo husahauliwa: gemu hii haidai kompyuta ya gharama kubwa. Kiwango chake cha chini ni RAM ya GB 4, na mashine yangu ya mtumba, ambayo hushindwa na gemu nyingi za siku hizi, inaiendesha vizuri na bado picha zinapendeza.

Sasa nije kwenye vituo vya kuhifadhi, ambavyo kwangu ndiyo roho ya gemu na pia ndiyo kero yake. Gemu haikuhifadhii ulipofika kila baada ya dakika chache kama tulivyozoeshwa na gemu nyingine. Ukutani kuna vifaa vinavyofanana na simu za umma za zamani. Unachomeka kadi, unasubiri taa tatu ziwake moja baada ya nyingine, ndipo hatua yako inahifadhiwa. Wakati unasubiri taa hizo, umempa mgongo kila aliyemo chumbani, na kiumbe kinaweza kukuua papo hapo mkono wako ukiwa bado kwenye kadi. Gemu inakuonya kwamba kuna adui karibu, kisha inakuachia uamuzi. Sijawahi kuona gemu nyingine ambamo kitendo cha kawaida kama kuseva kinanifanya nisite.

Tatizo ni kwamba mtaani kwetu umeme hukatika jioni, na jioni ndiyo saa ya mtu mwenye kazi kucheza. Umeme ukikatika kabla hujakifikia kituo, safari yote imepotea, na hapo hakuna kiumbe wa kumlaumu. Nililazimika kununua betri ya akiba ya kompyuta, si kwa ajili ya kazi za wateja, bali kwa ajili ya Sevastopol.

Hata hivyo, nikipima kwa haki, sheria yenyewe si mbaya. Kasoro ni yale unayolazimika kuyarudia baada ya kufa. Mara ya kwanza unapovuka ukumbi ule, moyo unakwenda mbio. Lakini ukirudi tena unaokota vipuri vile vile, unafungua mlango ule ule kwa chombo kile kile, unamsikiliza mtu yule yule akimaliza maneno yake redioni, na hofu inakuwa imeshageuka kazi ya ofisini. Wangeweza kubakiza vituo vilivyo mbalimbali na bado wakaturuhusu kuruka mambo ambayo hayana hatari yoyote.

BintiWaLikoni (Mombasa)

Kaka FundiWaZiwa, nakubaliana nawe kuhusu vituo, lakini kwa maoni yangu vingekuwa bure kama kiumbe kingefuata njia iliyopangwa. Ukifa katika gemu nyingine za kutisha, unarudi ukijua adui atatokea kona gani. Hapa hujui.

Waundaji walishaeleza kwamba kuna akili mbili zinazofanya kazi pamoja. Moja ni kama msimamizi: inajua ulipo wakati wote, lakini haikiambii kiumbe mahali penyewe, inakielekeza tu sehemu ya kutafuta, na inakiondoa pale shinikizo kwako linapozidi kiasi. Ya pili ni ya kiumbe chenyewe, nayo inategemea macho na masikio tu. Tena tabia zake hazifunguki zote kwa pamoja. Nyingine huzinduka kadiri unavyoendelea, na hivyo unapata hisia kwamba kinakujifunza. Kirusha moto, kwa mfano, mwanzoni hukikimbiza mara moja, lakini baadaye kiumbe kinaanza kusimama mbali kikikupima, na mafuta yako yanapungua.

Sura ya tano, katika hospitali ya San Cristobal, ndiyo iliyonishika kuliko zote. Unatafuta namba ya siri katika vyumba vya madaktari, korido zinazunguka na kukutana, na kila kabati linaonekana kama wokovu. Nilikaa chini ya meza nikiangalia miguu yake ikipita, nikawasha kifaa cha kutambua mwendo ili nijue kimeelekea wapi, na mlio wa kifaa hicho hicho ndio uliokirudisha. Kifaa hicho kimebuniwa kwa hila nyingine pia: ukikitazama, mbele yako panafifia, ukitazama mbele, kioo chake kinafifia. Haiwezekani kuona vyote viwili.

Kasoro ninayoiona iko kwa yule msimamizi. Kwa kuwa kazi yake ni kuhakikisha hukai muda mrefu bila tishio, kiumbe hakiendi mbali nawe hata kama hujafanya kosa lolote. Kituo kikubwa namna ile, chenye watu wengine wa kuwindwa, lakini chenyewe kinazunguka juu ya kichwa chako tu kama mbuzi aliyefungwa kamba, na ukishalitambua hilo unaanza kuuona mkono wa aliyeshika kamba. Kuna vifo ambavyo hata mchezaji mwangalifu hana la kufanya kuviepuka, hasa katika ngazi ngumu, ambayo waundaji wenyewe waliisifia kuwa ndiyo yenye ladha kamili.

Mpangaji_Chumba3 (Dar es Salaam)

Mimi nitasema machache. Kwenye PlayStation 4 yenye kamera unaweza kuruhusu kipaza sauti, na kiumbe kikasikia kelele halisi za chumbani kwako. Wazo ni zuri sana kwa mtu anayeishi peke yake. Mimi nina wapangaji wenzangu pande mbili, kuna bodaboda zinazopita dirishani, na mtoto wa jirani huja kuuliza kila kitu kwa sauti ya juu. Nilizima kabla sura ya hospitali haijafika nusu. Hilo silihesabu kuwa kasoro ya gemu. Limeundwa kwa ajili ya nyumba za namna nyingine.

Mkaazi_Muttrah (Muscat)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Uzoefu wangu ni wa simu, kwa hiyo huenda ukawasaidia wale ambao hawana kompyuta. Feral Interactive waliileta kwenye simu za iPhone na Android mwezi Desemba 2021, na hiyo si gemu iliyokatwakatwa: ni hadithi nzima pamoja na nyongeza zote zilizowahi kutolewa. Inachukua takriban GB 11, na wakati wa kuiweka inataka nafasi kubwa zaidi ya hiyo.

Kilichonishangaza ni kwamba mandhari haikupotea. Mwanga unaopita katika moshi, vivuli vya mabomba, vioo vya kompyuta vinavyochezacheza, vyote vimo. Usiku, nikiwa nimezima taa na kuvaa hedfoni, udogo wa kioo cha simu haukunipunguzia kitu, kwa sababu uso uko karibu nacho kuliko unavyokuwa karibu na televisheni.

Shida ni vidole. Vitufe vya kugusa vimepangwa kwa busara na unaweza kuvihamisha upendavyo, lakini kiumbe kinapokugeukia na unatakiwa kugeuka, kuchutama na kuingia kabatini kwa wakati mmoja, kidole gumba kinaziba sehemu ile ile unayohitaji kuiona. Nilipounganisha pedi, gemu ikawa nyingine. Kwa hiyo nashauri asiye na pedi apunguze ngazi ya ugumu. Kuna ngazi nyepesi iliyoongezwa baadaye, na hakuna aibu kuitumia.

Rangi_na_Kivuli (Nairobi)

Kazi yangu ni uchoraji wa matangazo, kwa hiyo mimi niliicheza kwa macho. Fox, kampuni ya filamu ya Alien, waliwapa waundaji kumbukumbu za utengenezaji wa filamu ile zenye ukubwa wa terabaiti 3 hivi: michoro, picha za seti, mavazi. Wangeweza kunakili tu. Walichofanya ni kujiwekea mpaka kwamba kila kitu kituoni kionekane kama kingeweza kutengenezwa na watu wa miaka ya sabini waliokuwa wakiota siku za mbele. Hivyo hakuna kioo cha kugusa hata kimoja. Kuna vitufe vizito, kanda, na kompyuta za herufi za kijani. Zile picha zinazokwaruza kwenye vioo walizipata kwa kuzirekodi kwenye kanda za VHS na kuzivuruga, kisha wakazirudisha ndani ya gemu. Ndiyo maana kukwaruza kwake hakufanani na ule wa kuigiza kwa programu.

Pia naheshimu kazi za mikono zilizomo. Kufungua mlango ni kushika mpini, kuuvuta, kukata chuma, kulenga masafa ya redio, na wakati wote huo mikono ya Amanda iko mbele yako na nyuma yako hakuna mlinzi.

Lakini uzuri huo una kikomo. Ukifika nusu ya gemu umeshaona aina zote za korido, na kazi nyingi zinakutuma kurudi ulikotoka kuwasha jenereta moja zaidi. Tena sehemu kubwa ya maisha ya wakazi wa Sevastopol imo katika barua za kwenye kompyuta, zote ndefu, zote za aina moja, na ukizisoma kwa makini unapunguza kasi ya gemu ambayo tayari haina haraka.

Mzee_wa_Sura18 (Arusha)

Ambaye hajaimaliza asiendelee kusoma hapa.

Urefu ndio uliowagawa wahakiki tangu mwanzo. PC Gamer waliipa alama 93 kwa 100, IGN wakaipa 5.9 kwa 10, na wote wawili walikuwa wakizungumzia gemu ile ile yenye sura 18. Mimi nasimama katikati, kwa sababu moja mahususi. Sura ya kumi ina mtego: kiumbe kinavutwa hadi maabara, na sehemu hiyo ya kituo inarushwa angani kuelekea sayari iliyo chini. Ni kilele kamili, na kila kitu kilikuwa kikielekea hapo. Mchezaji anapumua. Kisha zinakuja sura ambazo kazi ni kukwepa maroboti ya Working Joe, halafu unashuka kwenye kinu cha nishati, unakuta kiota, na hofu inabidi ianze kujengwa upya kwa mtu ambaye tayari amechoka. Baada ya kiota, kila mlango unaofunguka una balaa jipya nyuma yake, na gemu inakatika ghafla, Amanda akielea angani na mwanga ukimmulika usoni. Nilifikiri mashine yangu imekwama.

BintiWaLikoni (Mombasa)

Mzee wangu, shikamoo, lakini maroboti siwezi kukuachia. Zile sura ambazo kiumbe hakipo ndizo zilizonifundisha kwamba gemu ina hofu ya aina mbili. Kiumbe kina haraka. Working Joe hana. Anakuja kwa hatua za taratibu, anazungumza kwa adabu ya mhudumu wa benki, macho yake meupe yanageuka mekundu, na risasi hazimzuii. Nikubali tu kwamba wanawekwa wengi mno kwa pamoja, na kwamba ukishajua namna ya kuwamaliza wanabaki kuwa kizuizi cha njiani. Kama ningepewa mkasi, ningekata jenereta na ngazi za sura ya 16 na 17, nikawaacha maroboti.

Mzee_wa_Sura18 (Arusha)

Marahaba, mwanangu. Kuhusu jenereta tumeelewana.

Koroboi (Dodoma)

Nashukuru kwa michango. Naona hakuna aliyeitaja sura ya tisa, ambamo unaacha kuwa Amanda na kuwa nahodha Marlow, ukitembea katika dhoruba juu ya LV-426, ile sayari ndogo ya kwenye filamu, hadi ndani ya meli ngeni iliyoko huko. Hakuna wa kukuwinda hapo, huna cha kufanya zaidi ya kutembea na kutazama, na bado kwangu ni miongoni mwa sehemu nzito zaidi. Walioichezea simu watuambie kama ukubwa wa ile meli unafika kwenye kioo kidogo.

Jambo jingine: mwezi Oktoba 2024, gemu ilipotimiza miaka kumi, Al Hope, aliyeongoza ubunifu wake, alitangaza kwamba toleo la pili liko katika hatua za awali. Kwa hiyo swali la FundiWaZiwa si la nadharia tena. Wakibakiza kadi na zile taa tatu, mtaridhika, au mnataka waongeze namna ya kuhifadhi unapozima mashine? Mimi nataka vyote viwili: kadi kwa ajili ya kiumbe, na hifadhi moja ya dharura, inayojifuta ukishairudia, kwa ajili ya umeme.

FundiWaZiwa (Mwanza)

Hiyo inayojifuta naiunga mkono. Ila isiwe inafanya kazi kiumbe kikiwa chumbani, maana watu wataanza kuzima mashine kila wakiona mkia.