Kwa nini dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa?

Mgeni wa Kisiwani

Habari za jioni, ndugu zangu. Mwezi uliopita nilivuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, nikatembezwa kwenye Msikiti Mkuu na magofu ya Husuni Kubwa, na tangu siku hiyo kuna jambo halinitoki kichwani. Tunafundishwa kwamba utajiri ule ulitokana na dhahabu, lakini dhahabu yenyewe haikuchimbwa Kilwa: ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, zaidi ya kilomita 1,000 kusini mwa Kilwa. Mfanyabiashara wa Aden au wa Gujarat aliyekuwa na chombo na mtaji wake alizuiwa na nini kupitiliza hadi Sofala akanunue huko huko, badala ya kumwachia sultani wa Kilwa ushuru na faida?

Mtoto wa Nahodha

Alizuiwa na upepo, ndugu yangu. Kaskazi huvuma tangu mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, ndipo kusi hupokea zamu, na katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari huchafuka kiasi kwamba vyombo vya kwenda Uarabuni na Bara Hindi havitoki. Aliyeng'oa nanga Aden kwa kaskazi aliweza kufika Kilwa, akauza nguo na shanga zake, akapakia, kisha akaondoka na kusi ya mwanzo. Akijaribu kwenda Sofala, kaskazi humfia njiani kadiri anavyoshuka kusini, na huenda asirudi kwao mpaka msimu wa mwaka unaofuata. Mwaka mzima mabaharia wanakula, mtaji umelala, na mbao zinaliwa na fukusi wa baharini. Safari ile ya kusini waliifanya wenyeji kwa vyombo vyao, ili msimu ukifika mzigo uwe tayari umo ghalani Kilwa.

Tazama safari ya Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, ya mwaka 1331: alishuka na kaskazi kupitia Mogadishu na Mombasa, akafika Kilwa, kisha akapanda na kusi moja kwa moja hadi Dhofar, katika Oman ya leo. Habari za Sofala alisimuliwa na mfanyabiashara, kwamba iko mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa. Yeye mwenyewe hakufika.

Mwalimu wa Zamani

Hoja ya upepo ni ya kweli, ila haitoshi, kwa sababu inaeleza kwa nini Mwarabu hakupitiliza lakini haielezi kwa nini mwenye kufaidika awe Kilwa. Masimulizi ya Kilwa, yaliyoandikwa na Mreno João de Barros katika karne ya 16, yanasema kwamba biashara ya Sofala ilishikwa kwanza na watu wa Mogadishu, ambao wako mbali zaidi kaskazini! Inasimuliwa kwamba mvuvi mmoja wa Kilwa alinasa samaki mkubwa mno, akaburutwa naye, mkondo ukamaliza kazi, akajikuta Sofala, ambako aliwaona watu wa Mogadishu wakinunua dhahabu. Aliporudi alimweleza mtawala wake, naye akaanza kupeleka vyombo. Samaki huyo mimi simwamini sana, lakini kiini cha hadithi nakiamini: Kilwa iliipata njia ile kwa kumpokonya mwenzake, kisha ikaweka mtu wake Sofala wa kuilinda. Upepo uliipa Kilwa nafasi nzuri. Kuigeuza nafasi hiyo kuwa ushuru kulihitaji dola.

Mgeni wa Kisiwani

Shikamoo, mwalimu, na ahsanteni nyote wawili. Hapo nimeelewa, ila swali limezaa lingine: kama dhahabu ilipita mikononi mwao kwa wingi hivyo, mbona sarafu za Kilwa zinazookotwa karibu zote ni za shaba?

Mwalimu wa Zamani

Marahaba. Dhahabu ilikuwa bidhaa ya kusafirishwa, nayo iliondoka na vyombo; sarafu ya shaba ilikuwa ya kununulia samaki na mtama. Hata sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyesifika kwa ukarimu hadi akaitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, hakugawa dhahabu ovyo. Ibn Battuta anasimulia kwamba fukara mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akamvulia. Mwana wa sultani alizikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi, na sultani alipoona watu wanavyomshukuru, akaagiza fukara huyo aongezewe wengine kumi pamoja na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Zawadi zao nyingi, anasema, zilikuwa pembe, na dhahabu ilitolewa kwa nadra. (Wale watumwa ishirini, ambao hakuna anayewataja kwa majina, tusiwaruke tunapousifu ukarimu huo.)

Usiidharau shaba hiyo, lakini. Sarafu moja ya sultani huyu ilipatikana kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, takriban kilomita 400 kutoka pwani ya Sofala. Siku ukipata kuishika ya namna hiyo, isome pande zote mbili: upande mmoja una jina lake, wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, na vina vya pande hizo mbili vinalingana kama mishororo ya shairi.