Siti za pikipiki: iliyokutesa na iliyokuponya mgongo, tupeane uzoefu

Kobe wa Kimara: Wakuu, jana nimetoka Morogoro kuja Dar na Boxer, zile kilomita kama 190, kufika Chalinze nikashuka nimeshikilia tenki kama babu anatafuta mkongojo, makalio siyasikii, na wife huko nyuma kaninunia tangu Mikese. Siti nimebadilisha wiki iliyopita Kariakoo, nene, ukiibonyeza kwa kidole inazama kama andazi la moto. Dukani niliikalia dakika 2 nikasema hii ndo yenyewe. Hebu semeni wenzangu mlipitia nini kabla sijamwaga hela tena.

Dogo Mbagala: Umeyakanyaga mkuu 😂 laini ya dukani siyo laini ya barabarani

Fundi Sponji: Kosa lako liko kwenye hicho kidole. Sponji inayozama kwa kidole, mtu wa kilo 80 akiikalia saa zima anakuwa keshafika kwenye plastiki ya chini, ndo maana ukafa ganzi. Siti nzuri siku ya kwanza unaiona ngumu kidogo. Chini iwekwe sponji ngumu, ile ya vipande vilivyogandamizwa, halafu laini ije juu, inchi moja inatosha. Na apanue pale inapokaa mifupa ya makalio, asipandishe tu, maana siti ikipanda sana miguu haifiki chini, kwenye foleni unasimamia vidole kama mtu anachungulia dirishani kwa jirani.

Mama Naima: Mnajiongelea madereva tu, abiria je? Mimi Goba mpaka Mwenge kila asubuhi. Siti zenu mnazishonesha zinalalia mbele halafu leza inateleza, akigusa breki nimeshamgonga mgongoni, najivuta nyuma, breki tena, nimerudi. Juzi kijana kageuka kaniuliza "mama, vipi?" Vipi nini, rekebisha siti yako! Na ule mkanda wa kushikia mmeung'oa wote, sijui unawakera nini.

Boxer Damu: Pole mama, hiyo itakuwa TVS

TVS Mpaka Kaburini: Umeanza. Siti ya Boxer ukitoka nayo Mbagala kufika Posta mgongo unadai fidia

Boxer Damu: Mgongo wako ulishakufa na mizigo ya mkaa usisingizie siti

Hesabu kwa Bosi: Acheni hayo, mmenikumbusha kitu nilishakizika. 2019, masika, pikipiki ya bosi leza imepasuka kwenye mshono, sponji inakunywa mvua kama dodoki, abiria akikaa tu maji yanamtoka chini kama anakamuliwa. Nikaona nishone kwa hela yangu. Kuna fundi akanipa bei ya kutupa, leza nyekundu inang'aa, nikajua kijiweni watanikoma. Siku ya pili yake, mvua ndo imekata, anakuja kaka wa watu kanzu nyeupe pee, koti juu, manukato unayasikia toka ng'ambo ya barabara, ananiambia dogo niwahishe Magomeni gari yangu imekwama kwenye foleni. Nikafuta siti kwa kitambaa. Kitambaa kikatoka chekundu. Nilikiona kabisa, nikajisemea ni vumbi hilo, hicho kitambaa ndo kinaniuma mpaka leo. Tukaenda mbio, kufika kumbe yeye ndo bwana harusi, watu wamejipanga, madufu yanalia, anashuka, anapiga hatua 3, bibi mmoja akapiga yowe "Uwii, katobolewa!" Nageuka naona nyuma ya kanzu pekundu kama kakalia tenga la nyanya. Nauli sikudai. Nilikuja kushtuka niko Kigogo.

Dogo Mbagala: KATOBOLEWA 😭😭😭 nimeamsha nyumba nzima

Mama Naima: Mwenyezi Mungu atakuuliza hiyo kanzu

Boxer Damu: Ndoa ilifungwa lakini?

Fundi Sponji: Ndo maana nasema leza ikwangue kwa kitambaa chenye maji kabla ya kushona, ikichuja achana nayo. Na mshono usipite katikati juu, upite pembeni, maji yasipate njia.

Mzee wa Pugu: Funika na mfuko wa nailoni chini ya leza, yaishe.

Fundi Sponji: Mzee, nailoni ikitoboka maji yanaingia hayatoki, sponji inanuka mpaka ng'ambo.

Mzee wa Pugu: Mimi nimefanya hivyo miaka 6, hainuki.

Dogo Mbagala: Labda pua 😂

TVS Mpaka Kaburini: Mimi nilirudisha siti ya kiwandani, nikakaza shokapu za nyuma. Nusu ya mnayolaumu siti ni shokapu zimelegea.

Boxer Damu: Leo tu nakuunga mkono

Kobe wa Kimara: Haya, Jumamosi naenda kwa fundi, sponji ngumu chini, leza isiyoteleza, na mkanda narudisha. Nimemsomea wife yote haya, kacheka kwenye kanzu tu, siti kasema nishone nikae mwenyewe, yeye mwendokasi inamtosha.

Boxer Damu: Hesabu kwa Bosi hujajibu, ndoa ilifungwa?

Hesabu kwa Bosi: Ilifungwa. Nilikuja kuona picha kwa jamaa yake, zote kakaa.