Mrejesho: kusinyaa kwa kifuniko cha polipropilini

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kukuza kalibu (umbo la kuundia plastiki) ili kifuniko cha polipropilini, aina ya plastiki inayosinyaa ikipoa, kisitoke kidogo kuliko mchoro. Nilifuata ushauri wa kuiacha modeli ya kifuniko kwenye kompyuta na vipimo vyake halisi, nikakuza nakala ya kuchongea kalibu tu. Kwa msinyao wa 1.5% nilizidisha kwa 1 ÷ (1 − 0.015), yaani 1.0152. Kipenyo sasa kimeingia ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, nimefurahi mno!

Kilichogoma ni ukingo mnene. Bado unabonyea, maana sehemu nene hupoa polepole na kusinyaa zaidi, na kukuza kwa uwiano mmoja hakuliponyi hilo. Nitapunguza unene wake. Aliyenisisitizia nisome kwanza takwimu za plastiki yenyewe, ubarikiwe: ABS, plastiki ya aina nyingine, husinyaa takriban 0.5% tu, hivyo uwiano wake usingefaa hapa.