Siti niliyomlipia mama aliyetoka kupasuliwa goti imepewa mwenye kadi ya dhahabu, na shirika linaniambia ndio utaratibu

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo wiki mbili nikitegemea shirika litanijibu kiutu. Jibu limekuja jana, mistari minne, na mstari wa mwisho unanishukuru kwa kuwachagua. Nimeusoma nikatetemeka. Jina la shirika nalihifadhi kwa sasa kwa sababu malalamiko rasmi nayapeleka wiki ijayo, lakini kilichotokea nakisema chote.

Mama yangu ana miaka 68. Nilimpeleka Chennai kubadilishwa goti la kulia. Waliowahi kupeleka mgonjwa India wanajua safari ile inavyoanza: ndugu wanachanga, unauza unachoweza kuuza, unafunga duka. Daktari alipomruhusu kusafiri aliandika masharti kwenye karatasi ya hospitali. Akae siti ya korido. Mguu upate pa kunyooka. Kila saa ainuke atembee hatua chache. Alinieleza na sababu, kwamba mtu aliyetoka kupasuliwa goti akikaa saa nyingi mguu umekunjwa, damu inaweza kuganda, na bonge hilo likipanda mapafuni linaua. Kwa hiyo asije mtu hapa akasema nililia kwa ajili ya starehe.

Barua ya daktari niliituma kwa shirika siku tisa kabla ya safari, wakajibu wameipokea. Kiti cha magurudumu nikaomba, wakakubali. Kisha nikalipia siti mbili za safu ya kwanza ya ekonomi, zile zinazotazamana na ukuta. Si za mlango wa dharura, za pale najua mgonjwa haruhusiwi kukaa. Dola 62 kila siti, kwa kile kipande kirefu cha mwisho cha kurudi Dar. 18C ya mama, 18B yangu. Risiti ninayo.

Tumefika kwenye transiti saa saba usiku, mama kachoka, tumesubiri saa nne. Tunafika getini, mashine inalia, taa nyekundu. Dada wa getini anachapisha karatasi mpya anazibandika juu ya bodingi pasi zetu. Naangalia: mama 44E, mimi 39B. 44E ni katikati ya safu ya katikati, karibu kabisa na mwisho wa ndege. Nikadhani amekosea. Nikamtolea risiti, nikamtolea barua ya daktari, nikamwonyesha bandeji, na mama mwenyewe yuko pale kwenye kiti cha magurudumu mguu umenyooshwa mbele.

Akasema ndege imebadilishwa, iliyokuja ina siti chache za aina ile, mfumo umepanga upya wenyewe. Hilo nalielewa, ndege zinabadilishwa. Nikamuuliza, mfumo umepanga kwa kufuata nini? Akanyamaza. Alikuwepo kijana mwenzake pembeni, na huyo Mungu ambariki kwa kunisemea ukweli. Aliniambia mfumo unaanza na wenye kadi za mpango wa maili, zile wanazopewa wanaosafiri sana na shirika. Platinamu, halafu dhahabu, halafu fedha, halafu wanaangalia bei ya tiketi, halafu ndio wengine wote. Nikamuuliza barua ya daktari inaingia wapi hapo. Akasema haioni kwenye skrini yake, anaona ombi la kiti cha magurudumu tu.

Yaani walipokea barua, wakanijibu wameipokea, na haikuingia popote mahali ambapo siti zinagawiwa. Kadi iliingia. Dola zangu 124 nazo ziliingia.

Tukaingia. Mama akatembezwa na mkongojo ndani ya ile korido nyembamba kutoka mlangoni hadi safu ya 44, watu wanapandisha mabegi, wengine wanamruka. Tulipita 18C. Amekaa kaka mmoja wa makamo, Mtanzania, ana kompyuta mapajani. Sikuweza kujizuia, nikamwambia kaka yangu, hiyo siti nimemlipia mama yangu na hizi hapa risiti. Nilitegemea anikaripie. Alitazama mguu wa mama, akasimama, akasema, "Shikamoo mama. Njoo ukae, mimi nitaenda huko." Mama akamjibu marahaba baba, machozi yanamtoka. Mhudumu wa ndege akaja akakataza! Kila mtu akae kwenye siti iliyoandikwa kwenye pasi yake hadi taa za mikanda zizimwe. Kwa hiyo mama alikwenda 44E, akakunja goti lenye mshono, ndege ikasubiri zamu ya kuruka, ikaruka, ikapanda. Dakika hamsini na kitu. Mimi niko safu tano mbele, nasikia akimwomba jirani yake radhi kwa kila anavyojigeuza. Taa zilipozimwa yule kaka alikuja mwenyewe kumchukua na akamshika mkono hadi mbele. Yeye ndiye aliyekaa 44E hadi Dar.

Kwa hiyo mama alinyoosha mguu kwa huruma ya abiria. Shirika halikufanya lolote.

Baadaye nilimkuta yule kaka kwenye foleni ya choo nikamshukuru. Akaniambia maneno ambayo ndiyo yamenifanya nifungue uzi huu. "Dada, mimi hata sikuomba ile siti. Nilikuwa na ya dirishani, wamenihamishia pale wenyewe. Kadi hii nimeipata kwa safari za kazi, ofisi ndiyo inakata tiketi. Kwa pesa yangu mwenyewe mwaka huu sijakata hata moja."

Someni tena hapo. Hakuomba. Hakulipia. Na aliyelipia akaondolewa.

Sasa nije kwenye kadi yangu mimi, maana watu watasema si ujisajili na wewe. Nimejisajili tangu 2016. Nina duka la viatu Kariakoo, nafuata mzigo Guangzhou mara nne au tano kwa mwaka. Kwenda na kurudi kwa kuunganisha ndege ni karibu maili 12,000 za angani. Piga hesabu ya safari tano, ni kama maili 60,000. Ukisikia hivyo utadhani nina kadi ya dhahabu ukutani. Nina ile ya kuanzia, inayopewa kila anayejaza fomu.

Sababu ni herufi. Kwenye kila tiketi kuna herufi moja inayoonyesha umenunua kwa bei gani. Kwa mashirika mengi Y ni ekonomi ya bei kamili, na chini yake zipo herufi nyingine nyingi za bei za punguzo. Mnakaa ndege moja, chakula kimoja, mkanda wa namna moja, lakini mwenye Y anahesabiwa maili zote na wewe mwenye bei ya punguzo unahesabiwa robo, na kuna herufi ambazo hazihesabiwi kabisa. Mfanyabiashara anayekata tiketi kwa ajenti pale Samora akitafuta bei ya chini atakuwa na herufi hiyo ya chini kila mwaka. Mtu ambaye ofisi inamkatia tiketi ya bei kubwa inayobadilishika tarehe, safari tatu nne tu zinampandisha. Wote wawili ni wasafiri wa mara kwa mara. Mmoja tu ndiye mfumo unamwita hivyo.

Na hali inazidi kuelekea huko. Mpango wa maili wa American Airlines, AAdvantage, ulipoanza Mei 1981, hesabu ilikuwa ya umbali: umeruka maili ngapi, basi. Mwaka 2015 Delta na United wakaanza kutoa maili kwa dola ulizolipa, American wakafuata 2016. British Airways tangu Aprili 2025 daraja la kadi yako linapangwa kwa pauni ulizotumia. Anayekwenda mbali mara nyingi kwa jasho lake, kwa tiketi ya bei nafuu, anasukumwa nyuma kila kanuni zinapobadilishwa.

Zamani haya yalikuwa mambo ya zawadi. Mwenye kadi anapewa chumba cha kupumzikia, anapita foleni fupi, mabegi yake yanatoka kwanza. Sina ugomvi na hilo, apewe hata zulia. Ugomvi wangu unaanza pale zawadi yake inapotolewa kwenye kitu ambacho mimi nimekilipia. Siku hizi siti zinauzwa kama bidhaa peke yake. Kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti Novemba 2024 ikasema mashirika matano ya huko, American, Delta, United, Frontier na Spirit, yamekusanya dola bilioni 12.4 za ada za siti peke yake kati ya 2018 na 2023. Hiyo ni nje ya nauli. Sasa kama siti ni bidhaa, nimeinunua, nina risiti, unampaje mtu mwingine bila kuniuliza? Nikiuza kiatu dukani kwangu halafu nikamvua mteja mlangoni nimpe mteja wa zamani ambaye hata hajakiomba, mtaniita mwizi, na mtakuwa mmesema kweli.

Kumbukeni na lile la Chicago, Aprili 2017, abiria wa ndege ya United alivyoburutwa sakafuni hadi damu ikamtoka, kwa sababu walitaka siti nne za wafanyakazi wao. Watu wengi walikumbuka damu wakasahau kuuliza walimchaguaje. Masharti ya United yenyewe yalikuwa yameandika namna ya kuchagua wa kushushwa: daraja la nauli, safari anayoendelea nayo, hadhi yake kwenye mpango wa maili, na muda aliofika kujiandikisha. Wa mwisho kwenye orodha ni yule mwenye tiketi nafuu na asiye na kadi. Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyompeleka mama yangu 44E, tofauti ni kwamba yeye hakuburutwa.

Na sheria za ulinzi tulizo nazo zinapita pembeni ya jambo hili. Ulaya wana Kanuni 261 ya 2004: ukikataliwa kupanda unalipwa euro 250 hadi 600, ukishushwa kutoka daraja la biashara kwenda ekonomi unarudishiwa sehemu ya nauli. Ukihamishwa kutoka safu ya 18 hadi ya 44 ndani ya ekonomi ile ile, kanuni hiyo haina fidia kwako. Marekani wana sheria ya 1986 ya wasafiri wenye ulemavu, na kanuni zake zinataka mwenye mguu usiokunjika apewe siti ya ukutani au nyingine yenye nafasi zaidi, tena upande unaoufaa mguu wake. Inabana hata mashirika ya nje yanapotua au kuondoka kule. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuandika kwenye mfumo kwamba mguu mgonjwa unatangulia kadi. Nchi moja imelazimisha, na mashirika yanatii yakienda huko.

Kwenye barua yao ya jana wameandika kwamba masharti ya usafirishaji yanasema siti maalumu haihakikishwi hata ikilipiwa. Nimeyasoma, ni kweli yapo, yamejificha ndani huko ambako hakuna anayefika siku ya kukata tiketi. Wamesema naweza kuomba kurudishiwa dola 62 za siti yangu. Ya mama hawarudishi, kwa sababu "abiria aliitumia siti hiyo". Aliitumia! Aliyempisha ni yule kaka, na wao ndio waliomzuia asimpishe. Hapo ndipo nilipoamua sinyamazi.

NYONGEZA (saa nne usiku): Nimesoma majibu yenu yote. Wanaouliza kwa nini sikukata daraja la biashara: tiketi moja ya daraja hilo ilikuwa inakaribia gharama ya upasuaji wenyewe. Mngefanya nini ninyi? Anayesema wenye kadi ndio wanaolipa mishahara ya marubani, ndugu yangu, ndege ile ina safu zaidi ya ishirini za ekonomi na zilijaa watu kama mimi na mama. Aliyeuliza hali yake: daktari wa hapa amempima, mishipa iko salama, Mungu mkubwa, uvimbe unapungua, na ameanza kupanda ngazi mbili za barazani.

Aliyesema niachane nao kwa sababu dola 124 si kitu, sikubaliani naye. Nataka zirudi zote. Nataka wanijibu kwa maandishi barua ya daktari ilikaa wapi siku zile tisa. Na nataka Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) iweke kanuni kwa kila shirika linalotua hapa: siti iliyotolewa kwa sababu ya ugonjwa haiguswi na kadi yoyote, na siti iliyolipiwa haichukuliwi kumpa ambaye hajailipia.

Jumatatu asubuhi nakwenda TCAA na bodingi pasi, risiti, barua ya daktari na barua yao. Sitaki kwenda na kisa kimoja. Kama umelipia siti ukaondolewa, weka hapa tarehe, siti uliyolipia, siti uliyopewa na herufi ya tiketi yako. Jina lako usiandike. Nitavichapisha vyote Jumapili usiku.